Faida, Hasara na Daftari: Kufasiri Hesabu za Robo Mwaka za Kampuni ya Bustani za Burudani

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ushahidi kuwa utunzaji wa hesabu si jambo geni kwa Waswahili. Maneno daftari, hesabu, faida, hasara, hisa na rasilimali yote yalitoka katika Kiarabu, yakazoeleka katika biashara ya pwani hata yakawa Kiswahili kitupu. Na neno rasilimali, kwa asili yake, lina maana ya "kichwa cha mali". Hata hivyo, maneno haya yalikomaa katika biashara ya mtu anayenunua leo na kuuza kesho. Tofauti baina ya bei mbili ilikuwa faida au hasara, na mwenye duka aliweza kuihesabu kwa vidole vyake kabla ya kufunga mlango jioni. Kampuni ya kisasa inayotangaza hesabu zake kila baada ya miezi mitatu huyatumia maneno hayo hayo kwa maana ambazo aghalabu hazishikiki kwa vidole.

Nchini Kenya benki hutangaza hesabu zao za kila robo mwaka magazetini, na makampuni mengine yaliyo katika Soko la Hisa la Nairobi hutangaza za nusu mwaka na za mwaka mzima. Matangazo hayo huandikwa kwa Kiingereza, ijapokuwa Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwa hivyo msomaji au msikilizaji wa Kiswahili huzipokea hesabu hizo kwa mkono wa mfasiri, naye mfasiri, kwa haraka ya kazi yake, humpa neno moja tu: kampuni imepata faida, au kampuni imepata hasara.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba neno hilo moja halitoshi, na kwamba kosa hili ni la lugha kabla ya kuwa la uchumi. Mfano uliochaguliwa ni wa kampuni ya Marekani inayoendesha bustani za burudani, yaani viwanja vikubwa vyenye lango la kulipia, ambamo watu hupanda bembea za mashine na vigari viendavyo kwa kasi juu ya reli za kupinda na kupanda. Biashara ya namna hii imechaguliwa kwa sababu inategemea sana majira ya mwaka, na kwa hiyo udhaifu wa maneno faida na hasara yakitumiwa peke yake huonekana ndani yake waziwazi kuliko katika hesabu za benki.

Kampuni yenyewe ilijulikana kama Cedar Fair, na mizizi yake imo katika bustani ya Cedar Point, iliyofunguliwa mwaka 1870 huko Sandusky, Ohio, kando ya ziwa Erie. Tarehe 1 Julai 2024 iliungana na mshindani wake, Six Flags, na kampuni iliyozaliwa ikachukua jina la Six Flags na kuweka makao yake makuu Charlotte, North Carolina. Sheria ya Marekani huyataka makampuni ambayo hisa zake huuzwa hadharani yatoe hesabu za kila robo mwaka. Ndiyo maana mfano huu una mengi ya kusomwa.

2. Robo mwaka na msimu

Katika robo ya kwanza ya mwaka 2024, Cedar Fair ilipata mapato ya takriban dola milioni 102 na hasara ya takriban dola milioni 133. Mfasiri asiyeijua biashara hii angeandika kwamba kampuni iko taabani. Lakini bustani nyingi za kampuni hiyo zimo katika majimbo ya kaskazini, ambako Januari hadi Machi ni miezi ya theluji. Cedar Point hufungwa wakati huo. Ni chache tu, kama Knott's Berry Farm iliyoko Buena Park, California, zinazopokea wageni mwaka mzima. Katika miezi hiyo mafundi hukarabati mitambo, riba ya mikopo hulipwa, mishahara ya wafanyakazi wa kudumu hulipwa, na malango yamefungwa.

Hali hii si ngeni kwa mkulima. Katika mwezi wa kupanda yeye hununua mbegu na mbolea, hulipa vibarua, na hana gunia hata moja la kuuza. Hakuna jirani anayesema kwamba amefilisika. Lau mkulima huyo angelazimishwa kutangaza hesabu kila baada ya miezi mitatu, daftari lake lingeonyesha hasara katika robo ya kupanda na faida kubwa katika robo ya kuvuna, na wala zote mbili zisingeeleza shamba lake lilivyo. Katika mwaka 2023 mapato ya Cedar Fair yalikuwa takriban dola bilioni 1.8. Robo ya tatu peke yake, ambayo ni majira ya joto na likizo za shule, ilileta milioni 842, ilhali robo ya kwanza ilileta milioni 85 tu. Mwaka huo uliishia kwa faida ya takriban milioni 125, ingawa ulianza kwa hasara ya milioni 135. Kwa hivyo hasara ya robo ya kwanza haina budi kuitwa kwa jina lake kamili, yaani hasara ya msimu, na ilinganishwe na robo ya kwanza ya mwaka uliotangulia, kamwe si na robo iliyoitangulia.

Hata ulinganisho huo una mitego yake. Mapato ya robo ya kwanza yalipanda kutoka milioni 85 mwaka 2023 hadi milioni 102 mwaka 2024. Ongezeko hili ni la kupendeza, lakini neno robo lenyewe lahitaji kuchunguzwa. Kwa Waswahili, robo ni sehemu moja kati ya nne zilizo sawa. Katika daftari la Cedar Fair, robo ilifungwa siku ya Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mwaka 2023 ilifungwa tarehe 26 Machi, na mwaka 2024 ikafungwa tarehe 31 Machi. Ya kwanza ilikuwa na siku 85, ya pili ilikuwa na siku 91. Isitoshe, Pasaka ya mwaka 2024 iliangukia tarehe 31 Machi yenyewe, kwa hiyo wiki ya likizo iliyoitangulia ilihesabiwa ndani ya robo ya kwanza. Pasaka ya mwaka 2023 ilikuwa tarehe 9 Aprili, ndani ya robo ya pili. Tena miezi ya mwanzo ya 2023 ilikuwa ya mvua kubwa California. Si sahihi, basi, kudai kwamba ongezeko lote lilitokana na watu kuzidi kuzipenda bustani hizo.

Mtego mwingine ulionekana mwaka uliofuata. Robo ya kwanza ya 2025 ilileta mapato ya takriban milioni 202, yaani karibu maradufu ya zile milioni 102. Kampuni haikukua maradufu. Kilichotokea ni kwamba hesabu za 2024 kabla ya tarehe 1 Julai zilikuwa za Cedar Fair peke yake, na hesabu za 2025 zilikuwa za kampuni mbili zilizoungana. Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyo tofauti kabisa hapa, kukua na kuungana, na mfasiri anayetumia cha kwanza mahali pa cha pili amesema uongo bila kubadilisha tarakimu hata moja.

3. Mgeni, lango na mkoba

Katika lugha ya makampuni haya, mteja huitwa mgeni. Kwa Mswahili, mgeni ni mtu anayekaribishwa na kulishwa bila malipo, ingawa methali isemayo "mgeni njoo, mwenyeji apone" yakubali kwamba mwenyeji naye hunufaika. Hapa mwenyeji hupona kwa njia tatu. Ya kwanza ni idadi ya mahudhurio. Ya pili ni wastani wa fedha anazotumia kila mgeni ndani ya bustani, kwa kiingilio, chakula, vinywaji, michezo na maegesho ya gari. Ya tatu ni mapato ya nje ya lango, hasa hoteli zilizo karibu.

Mwaka 2023 Cedar Fair ilipata mahudhurio ya takriban milioni 26.7, na wastani wa matumizi ukawa dola 61 na senti chache. Zidisha moja kwa nyingine, na utapata takriban dola bilioni 1.63. Ongeza mapato ya nje ya lango, toa sehemu wanayolipwa wafanyabiashara wengine waliokodi vibanda ndani ya bustani, na jumla itakaribia bilioni 1.8 iliyotajwa juu. Msomaji anayeshika hesabu hii ndogo anaweza kuelewa sehemu kubwa ya ripoti yoyote ya kampuni ya aina hii.

Yafaa kuangalia kwamba mahudhurio si watu. Mtu aliyenunua tiketi ya msimu akaingia mara kumi amehesabiwa mara kumi. Mfasiri anayeandika "watu milioni 26.7 walizuru" amezidisha idadi ya watu, sahihi ni "ziara milioni 26.7". Zaidi ya hayo, mwenye tiketi ya msimu huongeza mahudhurio na hupunguza wastani wa matumizi kwa kila ziara, kwa sababu bei ya tiketi yake hugawanywa katika ziara nyingi. Tarakimu moja ikipanda na nyingine ikishuka, haifai kusema mara moja kwamba wageni wamekuwa mabahili.

Tiketi ya msimu inaleta suala jingine la lugha. Fedha zake hupokelewa mapema, pengine miezi kadhaa kabla ya lango kufunguliwa. Kwa Kiswahili cha kila siku, kilichopatikana ni mapato, kwa kuwa nomino hiyo imetokana na kitenzi kupata. Kwa mhasibu, fedha hizo bado si mapato. Ni deni, maana kampuni imeahidi huduma ambayo haijaitoa. Huandikwa upande wa dhima mpaka mgeni atakapokuja. Istilahi "mapato yaliyoahirishwa", inayotumiwa na baadhi ya wafasiri, haifai sana, kwa sababu yaweza kueleweka kwamba fedha zenyewe hazijalipwa. "Malipo ya awali ya wateja" hueleza jambo lenyewe bila kumpotosha mtu.

4. Faida iliyotoka ardhini

Katika robo ya tatu ya mwaka 2022 Cedar Fair ilipata mapato ya dola milioni 843 na faida ya milioni 333. Robo ya tatu ya mwaka 2023 ilileta mapato ya milioni 842, lakini faida ikawa milioni 215. Mapato yalikuwa karibu sawasawa. Faida ikapungua kwa milioni 118. Anayesoma tarakimu hizi bila maelezo atadhani kwamba gharama zilifumuka, au kwamba wasimamizi walizembea.

Jibu limo Santa Clara, California. Huko kampuni ilikuwa na bustani iitwayo California's Great America. Tarehe 27 Juni 2022 iliuza ardhi ya bustani hiyo kwa kampuni ya Prologis kwa takriban dola milioni 310, kwa makubaliano kwamba ingeendelea kuendesha bustani kama mpangaji kwa muda usiozidi miaka 11. Faida iliyotokana na mauzo hayo ilikuwa takriban milioni 155. Robo ya pili ya daftari lake ilikuwa imefungwa Jumapili, tarehe 26 Juni. Kwa kuwa mauzo yalikamilika Jumatatu yake, faida hiyo iliingia katika robo ya tatu. Siku moja ilihamisha milioni 155 kutoka robo moja hadi nyingine.

Faida hiyo ya ardhi peke yake inazidi pengo lote la milioni 118. Bila shaka kuna kodi na mabadiliko ya thamani ya fedha za kigeni yanayoingia katika hesabu hiyo, kwa hivyo haifai kutoa tarakimu moja kutoka nyingine na kudhani kwamba kazi imekwisha. Hata hivyo jambo kuu ni wazi. Mwaka 2022 kampuni ilivuna matunda na pia ikauza shamba; mwaka 2023 ilivuna matunda tu. Kiswahili kikiyaita yote mawili faida, bila sifa ya kuyatenga, kitakuwa kimeficha jambo ambalo lugha yenyewe ina uwezo kamili wa kulieleza. Faida ya uendeshaji ni istilahi moja, faida ya kuuza rasilimali ni nyingine. Ya kwanza yaweza kutarajiwa tena mwakani. Ya pili hairudi, kwa maana ardhi haiuzwi mara mbili na mtu yule yule.

5. Hasara iliyobaki daftarini

Mfano ulio mgumu zaidi ni wa robo ya tatu ya mwaka 2025. Mahudhurio yalikuwa takriban milioni 21.1, juu kidogo ya yale ya mwaka uliotangulia. Mapato yalikuwa takriban dola bilioni 1.32. Robo kama hiyo mwaka 2024 ilikuwa imeleta faida ya takriban milioni 111. Safari hii, katika majira yale yale ya mavuno, kampuni ilitangaza hasara ya takriban bilioni 1.2.

Ndani ya hasara hiyo mlikuwamo bilioni 1.5 ambazo hakuna mtu aliyelipwa. Ili kulieleza jambo hili, yafaa kurejea dukani. Tuseme mtu ananunua duka ambalo meza zake, rafu zake na bidhaa zake, baada ya madeni kuondolewa, zina thamani ya shilingi 800,000. Yeye analipa shilingi 1,000,000, kwa kuwa duka hilo lina wateja waliolizoea na jina linaloaminika. Zile 200,000 za ziada huandikwa daftarini kama mali, ijapokuwa haziwezi kuguswa. Wafasiri wengine huiita mali hii "nia njema", kwa kufuata neno la Kiingereza sehemu kwa sehemu. Tafsiri hiyo ni mbovu. Nia njema ni hali ya moyo wa mtu, haiuzwi wala haishushwi bei. "Thamani ya jina" ni istilahi bora, kwa kuwa Waswahili wamekwisha kuelewa kwamba jina ni mali.

Baadaye mwenye duka akiona kwamba biashara haitaleta kile alichokitarajia alipolinunua, hana budi kuipunguza ile 200,000 daftarini. Upunguzaji huo huandikwa kama hasara ya robo hiyo, lakini senti hata moja haitoki mfukoni, kwa maana ilikwisha kutoka siku ya ununuzi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Six Flags baada ya muungano wa 2024.

Kwa Kiswahili, mtu hupata hasara, hula hasara, hutiwa hasara. Na kila mara anayesikia huelewa kwamba kuna kitu kilichokuwa mkononi jana na leo hakimo. Maana hiyo haitoshelezi hapa. Makala haya yanapendekeza kutenga hasara ya mfukoni na hasara ya daftarini. Lakini mfasiri asije akaangukia upande wa pili na kumwambia msomaji kwamba hasara ya daftarini si kitu. Ni ungamo. Kampuni inakiri kwamba bei iliyoandikwa daftarini wakati wa kuungana ilikuwa kubwa kuliko matumaini yaliyosalia. Tena katika robo hiyo hiyo wastani wa matumizi ya kila mgeni ulishuka kwa takriban asilimia 4, ukawa karibu dola 59. Wageni walikuja kwa wingi, lakini walileta fedha pungufu, na hilo halikuwa la daftarini.

Neno uchakavu nalo lina mushkili wa namna hiyo hiyo. Msomaji wa kawaida huona kutu na mbao zilizooza. Mhasibu huona bei ya kununulia mtambo ikigawanywa katika miaka ya matumizi yake. Kigari kilichopakwa rangi jana, kinachong'aa juani, kina uchakavu wake katika daftari la robo hii kama kawaida.

6. Faida "iliyorekebishwa"

Makampuni yanafahamu fika kwamba faida halisi huyumbishwa na mambo kama hayo, kwa hivyo hutangaza pia tarakimu nyingine, ambamo riba, kodi, uchakavu na gharama kadhaa zisizo za kawaida zimeachwa nje. Kwa kipimo hicho robo ya tatu ya 2025 ilileta takriban dola milioni 555, na ile ya 2024 ilileta 558. Hapa hakuna msiba wala karamu. Hali ilikuwa karibu ile ile.

Tafsiri iliyozoeleka ni "faida iliyorekebishwa". Lakini kwa Kiswahili kurekebisha ni kuondoa kosa. Insha hurekebishwa, saa hurekebishwa, tabia hurekebishwa. Anayesikia faida iliyorekebishwa ataamini kwamba ile ya kwanza ilikuwa na makosa na kwamba hii ndiyo ya kweli. Kumbe hii ni tarakimu ambayo kampuni yenyewe imechagua nini kihesabiwe na nini kiachwe. Six Flags ilikuwa na deni la takriban dola bilioni 5, na riba ya deni hilo ni fedha za kweli zinazotoka mfukoni kila mwaka. Kuiacha nje ya hesabu kwaweza kufaa kwa kulinganisha bustani na bustani. Hakufai kwa kujua kama mwenye deni atalala usingizi. Ni heri, basi, kusema "faida kabla ya riba, kodi na uchakavu", hata ikiwa maneno ni mengi, na kuongeza kwamba kuna gharama nyingine ambazo kampuni imeziacha.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba tarakimu za kampuni moja zinaweza kusema hasara pasipo ugonjwa, faida pasipo mavuno, na ukuaji pasipo kukua. Katika kila hali, lugha ya Kiswahili ilikuwa na maneno ya kutosha. Kilichopungua ni desturi ya kuyatumia pamoja. Mfasiri wa habari za fedha hana haja ya kuwa mhasibu, ila analazimika kuuliza mambo matatu kabla ya kuandika faida au hasara: je, vipindi vinavyolinganishwa vina siku sawa, sikukuu sawa na kampuni ile ile? Je, fedha zimetoka langoni au zimetoka kwingine? Na je, kilichopotea kimetoka mfukoni au daftarini?

Maswali haya si ya darasani tu. Bustani ya Six Flags America, iliyokuwa Maryland, ilifungwa moja kwa moja baada ya tarehe 2 Novemba 2025, na waliokuwa wakifanya kazi pale walihitaji kuelewa habari za mwajiri wao kwa lugha isiyowatia hofu bure wala kuwapumbaza. Haki hiyo hiyo anayo mwalimu wa Machakos mwenye hisa chache za benki, na mjane wa Kisumu ambaye akiba yake iko katika benki hiyo. Wote wawili husikia redioni, kwa Kiswahili, kwamba benki imepata faida au hasara, na pengine huamua siku hiyo hiyo kuuza, kununua au kutoa fedha zao. Idara zinazofundisha tafsiri zingefanya vyema kuweka hesabu za robo mwaka miongoni mwa matini za mazoezi, pamoja na hotuba na hadithi, ili mwanafunzi ajifunze mapema kutomwachia msomaji neno hasara bila kumwambia ni hasara ya nini.